Mkanda wa Busisi

Machibya hakuwa na imani na muuzaji anayekukataza kununua. Yeye alijua kazi ya muuzaji ni kusifia mpaka mate yamkauke. Akianza kukwambia hiki kibovu, kile hakikufai, ujue kuna kitu anakupitishia mlango wa nyuma. Kwa hiyo asubuhi ile pale Kirumba, mbele ya meza ya mzee Otuoma, alisimama amekunja mikono kifuani, macho kayakaza, akisubiri kuona ataibiwa kwa njia gani.

Meza ilikuwa chini ya mwavuli uliopauka, pembeni ya barabara inayoshuka sokoni kwa dagaa. Mzee Otuoma alikuwa Mjaluo wa Rorya, amepiga picha Mwanza hii tangu enzi za watu kupanga foleni Krismasi wakiwa na viatu vipya. Siku hizi aliishi kwa picha za paspoti. Lakini mezani, juu ya kitambaa cha kijani, alikuwa amepanga kamera za zamani za mkanda, zile za kufungua mgongo na kupachika filamu, na Dorcas, mke wa Machibya, alikuwa amekuja kuchagua moja.

"Shikamoo baba," alisema Dorcas.

"Marahaba mwanangu. Ndiye bwana huyu? Karibu, bwana mkubwa."

Machibya hakuupenda huo ubwana mkubwa. Mtu hujui hata jina lake anakupandisha cheo, si anataka hela yako tu?

Habari ya kamera ilianzia kwa Hellen, mama mwenye studio ya picha za harusi kule mjini, Nyamagana. Dorcas alikuwa mwajiriwa wa duka la stationari, akiwapiga wanafunzi picha za paspoti kwa simu ya bosi, mshahara wa kununulia sabuni. Hellen aliwahi kuona picha zake, akamwambia: wenye kamera za kisasa wamejaa mji mzima, lakini maharusi wenye uwezo siku hizi wanataka na picha chache za mkanda, zile zenye rangi ya enzi za wazazi wao, na wapigaji hawapo. Tafuta kamera ya bei nafuu, jifunze, niletee mkanda mmoja wa picha thelathini na sita nione jicho lako. Ukifaa, Desemba unaingia kazini. Tangu siku hiyo Dorcas hakulala usingizi wa kueleweka.

"Mimi naipenda hii," alisema sasa, akiigusa moja nyeusi iliyong'aa.

"Hiyo hapana," mzee Otuoma akasema.

Machibya akamtazama mkewe. Umeona?

"Hiyo bila betri haifanyi kitu, na betri zake utazitafuta Mwanza nzima mpaka uchoke. Halafu ona ndani, chumvi ya betri imeshakula shaba. Na hiyo ya plastiki hapo, hiyo inaamua kila kitu yenyewe, utakaa nayo mwaka mzima hujajifunza chochote." Akaiinua ya tatu, nzito, ya chuma, ngozi yake imechubuka pembeni. "Hii ina sura mbaya. Lakini betri ikifa inapiga, ikianguka inapiga. Hii ndiyo ya mtu anayeanza."

"Bei?" aliuliza Machibya.

Bei ilikuwa elfu themanini. Ile inayong'aa ilikuwa mara mbili yake.

"Mzee, tuelewane," Machibya alisema. "Una kitu cha bei kubwa, mteja anakitaka, wewe unamsukumia cha bei ndogo. Kwa nini?"

"Kwa sababu hela atazihitaji kwenye mikanda. Kamera haili hela, bwana. Mkanda ndio unakula."

"Ahaa. Kwa hiyo unatuuzia ng'ombe kwa bei rahisi, majani ndiyo tutayalipia."

Mzee Otuoma akacheka kwa dhati. "Hapo umesema kweli."

Kicheko hicho ndicho kilichomharibia Machibya roho kabisa. Mtu anakubali anakuibia, halafu anacheka. Akataka kusema zaidi, ila mkusanya ushuru akawa anagonga bajaji ya Machibya iliyoachwa barabarani, ikabidi akimbie kuisogeza. Aliporudi hela ilikuwa imeshatoka mkononi mwa Dorcas, na mzee alikuwa anamalizia maelekezo yake: ukimaliza, urudishe mkanda ndani taratibu, uache ulimi kidogo nje, uukunje ncha ili ujue umeshatumika. Uweke kwenye friji, joto la huku halina adabu.

"Tumeshapigwa," Machibya alisema njiani. "Na nauli za kuzunguka na hilo lichuma sitoi hata mia, mpaka liingize kitu. Nimesema."

Dorcas alikuwa ameipakata kamera kama mtoto mchanga.

*

Walikuwa wamepanga vyumba viwili Mabatini, juu kwenye mawe. Mali yao kubwa ilikuwa friji ndogo. Dorcas alijaza maji ya kandoro kwenye vimfuko akayagandisha, na mama mkwe wake, Mama Kija, aliyauza mlangoni huku akimwangalia mjukuu, Odeta.

Mama Kija alitoka Misungwi mwaka uliotangulia, na hakuja kutembea. Kule kijijini ng'ombe wa jirani walikufa wakifuatana, na macho yake yeye yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka yote. Watu wakaanza kuyaangalia macho hayo kama ya mchawi. Wakaacha kumwamkia, wakawa wanaondoka kisimani akifika, na mwanawe akaenda kumchukua kabla mambo hayajawa mabaya. Ungedhani mtu aliyeonja hayo angekuwa wa mwisho kumshuku mwenzake. Wapi! Mama Kija alihamia mjini na hofu yake yote, na kwa kuwa hapa hakuwa na jirani wa kumwogopa, akamwogopa mkamwana.

"Huyu mwanamke wako wa Ukerewe," alimwambia Machibya, "anatoka asubuhi hata chai hajanywa, anarudi anacheka peke yake. Mtu anacheka peke yake kwa sababu gani?"

"Anafurahia kamera yake, mama."

"Kamera haichekeshi, ng'wanone, mwanangu."

Machibya alijifanya hamnazo, lakini neno likamwingia. Halafu Jonathan akaja na la kwake. Jonathan alikuwa dereva mwenzake wa bajaji pale kijiweni, na kila akianza kwa kusema yeye si mtu wa maneno, watu walisogea karibu.

"Ngosha, ndugu yangu, mimi si mtu wa maneno. Lakini jana nilipeleka abiria Kigongo, nikamwona shemeji ndani ya hiace inavuka daraja kwenda Busisi. Kakaa na mwanaume."

"Mwanaume gani?"

"Kavaa kofia. Mimi kofia ndiyo niliyoiona."

Jioni Machibya akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, akivua viatu, "Jana kazini kulikuwaje?"

"Kawaida tu, Baba Odeta. Wanafunzi wengi."

Hakuuliza tena. Alikula, akashukuru, akaenda kulala na kofia ya mtu asiyemjua kichwani. Sasa kila kitu kikawa ushahidi: sabuni mpya, simu iliyolazwa kifudifudi, wimbo aliokuwa akiuimba wakati wa kuosha vyombo. Mwanamke ambaye juzi tu alikuwa mke wake akawa mtu wa kuchunguzwa.

Asubuhi Dorcas alipokwisha kwenda kazini, Machibya akiwa anaosha bajaji, mama yake alimwita kutoka ndani.

"Njoo. Lete na kitambaa."

Friji ilikuwa wazi. Nyuma ya kandoro, chini ya sato aliyewekwa kwa ajili ya Jumapili, palikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kikopo cheusi chenye mfuniko wa kijivu. Mama Kija alisimama mbali nacho. Vikopo hivyo alivijua. Misungwi wazee walitunzia ugoro, na waganga walipimia dawa zao.

"Sikigusi mimi," alisema. "Dawa ya kumpoza mume inawekwa kwenye baridi. Wewe hujajiona ulivyopoa? Juzi kasema kamera, ukampakia kwenye bajaji ukampeleka."

"Mama, bwana."

"Fungua basi, kama si dawa."

Alifungua. Hapakuwa na unga wala mzizi. Palikuwa na kidude cha bati, kinene kuliko kidole gumba, kimetoa kipande kifupi cha mkanda kama ulimi, ncha yake imekunjwa. Machibya akashusha pumzi. Mkanda wa kamera tu. Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angefunika kikopo akarudi kwenye bajaji.

Lakini ncha ilikuwa imekunjwa. Maana yake umeshatumika. Maana yake Busisi imo humo ndani, na kama Busisi imo, na mwenye kofia yumo. Machibya alikumbuka utotoni, bahasha ya mjomba wake yenye vipande vya mikanda ya picha, jinsi walivyovishika juu ya jua na kuwaona watu wana nywele nyeupe na meno meusi, wakacheka mpaka wakaanguka. Kwenye mkanda watu wanaonekana. Hilo hakuhadithiwa, aliliona kwa macho yake. Asichokijua ni kwamba mikanda ile ilikuwa imeshasafishwa.

Akaenda mlangoni penye jua kali, akavuta.

Mkanda ulitoka na kutoka, ukajiviringa mpaka magotini. Akaunyanyua juu ya jua, akaupitisha kidogo kidogo mbele ya jicho, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Rangi ya zambarau iliyochujuka, basi. Hakuna daraja, hakuna kofia, hakuna mtu.

"Watu wako wapi?" mama yake aliuliza nyuma ya bega.

"Hawapo."

"Si nilikwambia hiyo siyo picha?"

Machibya hakumsikiliza. Alikuwa anapiga hesabu nyingine. Kama hakupiga picha hata moja, sasa kule Busisi kutwa nzima alikuwa anafanya nini? Damu ikamchemka. Akazungusha kipini cha kile kidude cha bati mpaka mkanda ukarudi wote ndani, ukabaki ulimi, akaufunika, akaurudisha chini ya sato.

"Tusiseme kitu, mama. Nataka nimwone mwisho wake."

*

Mikanda ya Hellen ilisafishwa Dar, ikienda na kurudi kwa basi. Wa Dorcas ulikwenda pamoja nayo. Wakati wote wa kungoja Dorcas alikuwa mtu wa kuchekesha, anaweka chumvi kwenye chai, anaruka simu ikilia. Machibya naye alingoja, kwa sababu zake.

Simu ilipokuja Dorcas alikuwa amekaa kwenye ndoo uani akimenya viazi, mikono ina maji, akaiweka kwenye spika. Machibya alikuwa mlangoni.

"Dada, umenitumia nini?" Hellen alikuwa anaongea kama mtu aliyepotezewa muda. "Mkanda wote mweusi. Mwanzo mpaka mwisho, hakuna picha hata ya dawa."

"Haiwezekani, dada Hellen. Nilipiga zote."

"Sikatai ulipiga. Umeingia mwanga. Mkanda ambao haujasafishwa ukiona jua, ndiyo basi tena, kila kitu kinafutika. Labda kamera yako inavuja. Mimi nina mtu mwingine ananisumbua nafasi hiyo hiyo. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi, uniletee mwingine, la sivyo tusilaumiane."

Machibya alielewa palepale, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliiona mikono yake mwenyewe mlangoni, mkanda magotini, jua la saa nne.

Dorcas alikuwa ameacha kisu kikaanguka. "Wale wamama," alisema. "Wa kivukoni Busisi, waliokuwa wanawauzia watu mahindi na samaki kwenye foleni ya feri. Sasa daraja lipo, hakuna foleni, lakini bado wanatandika meza zao. Niliwapiga wote. Kuna mmoja alijifunga kitenge upya ili atoke vizuri." Akaanza kulia, na alilia vibaya, kwa kwikwi, kama mtu aliyefiwa. Hakujua hata kwamba alikuwa ametaja Busisi.

Sasa ndiyo saa yako, Machibya. Sema. Kinywa kilifunguka, ulimi ukaenda njia nyingine.

"Nilikwambia tangu siku ile," alisema. "Muuzaji anayekukataza kununua! Kakuuzia kopo linalovuja. Panda bajaji twende."

Kutoka Mabatini mpaka Kirumba kuna mahali pengi pa kusimamisha bajaji. Hakusimama popote. Walipitia mjini kwa Hellen kuuchukua mkanda, na Dorcas akaushika mapajani, mweusi tii, juu ya kamera, mpaka walipofika.

Soko lilikuwa limechangamka. Wanawake walikuwa wakipanda na ndoo za dagaa vichwani, vijana wa bodaboda wamejaa ng'ambo ya barabara. Mzee Otuoma aliwaona akatabasamu.

"Enhe, mwanangu, zimetokaje?"

"Baba, kamera yako inavuja." Hata kwa hasira Dorcas alisema baba, akaiweka kamera mezani. "Umeniharibia kazi."

Mzee aliupokea mkanda, akaugeuza, akazitazama kingo zake kwa muda mrefu. Tabasamu likaondoka. "Kamera ikivuja inaacha michirizi. Huu haukuharibikia ndani ya kamera. Huu umetolewa wote ukawekwa juani. Nyumbani nani ameushika?"

"Hakuna. Niliuweka kwenye friji kama ulivyoniambia."

"Umemuuliza bwana?"

"Mzee, usihamishe kesi," Machibya akaingilia haraka. Watu wawili watatu wakageuka. "Umemuuzia mtu kamera mbovu, rudisha hela."

"Sihamishi kesi, bwana. Mimi mwenyewe tulipokuwa Busisi nilimwona anaurudisha vizuri, akaacha ulimi, akaukunja. Ndiyo maana nashangaa."

Hapo Machibya akaiona. Ilikuwa imetundikwa kwenye mti wa mwavuli, kofia ya kijivu ya kitambaa, ya kizee. Kwa nukta moja moyo wake ulikuwa mwepesi kabisa. Kumbe ni huyu. Kumbe ni babu wa watu alikwenda kumwelekeza. Angeweza kucheka. Lakini watu walikuwa wamesogea, mzee alikuwa ameuliza swali lake, na Dorcas alikuwa ameanza kumgeukia mumewe na uso wenye swali hilo hilo. Machibya akaona upenyo mmoja tu, akapita.

"Busisi?" akapaza sauti. "Wewe ndiye uliyempeleka mke wangu Busisi?"

"Eeh, kumbe kuna hilo nalo," mwanamke mmoja wa dagaa akasema, akatua ndoo.

"Nilikwenda kumwelekeza," alisema mzee. "Mkanda wa kwanza watu huwa wanauharibu. Sikumtoza hata nauli."

"Mnasikia? Hakumtoza hata nauli! Nani hapa ameshawahi kuelekezwa bure na huyu? Hata yule mama wa uji hapo umemwelekeza bure?"

Watu wakacheka. Ng'ambo kijana mmoja wa bodaboda akainua simu akaanza kurekodi. Dorcas aliinamisha kichwa. Uongo wake ulikuwa umetoka hadharani na aibu yake yote ikaenda huko, lile swali likamtoka.

"Tapeli wa kamera," Machibya alisema, na sasa hakuweza kujizuia, "tapeli na wa wake za watu. Mzee mzima!"

Mzee Otuoma akavuta mkoba wake, akatoa hela, akaziweka mkononi mwa Dorcas, si kwa Machibya. Kisha akaichukua kamera ya chuma akaanza kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nenda na mkeo," alisema.

Kwenye bajaji Dorcas alimsemesha kutoka kiti cha nyuma. "Baba Odeta, nisamehe. Ningekwambia Busisi ungekataa. Mzee wa watu, nilidhani ni mtu mwema."

"Yameisha," alijibu Machibya, kama mtu mwenye moyo mkubwa.

*

Siku iliyofuata jua halijazama bado, walikaa kula. Dorcas alikuwa ameandaa ugali na sato, na kichwa cha samaki akamwekea mumewe bila kuombwa. Siku zote alikuwa akilalamika kwamba Machibya hamtetei kwa mtu. Sasa alikuwa na mume wa kusimulia habari zake, akazisimulia kwa mama mkwe, yote, mpaka lile la mama wa uji.

"Na kesho Baba Odeta atanichagulia kamera nyingine mwenyewe," alimalizia. "Mimi macho yangu nimeyaona, hayajui watu."

Mama Kija alikuwa ameacha kutafuna. "Huo mkanda ulioharibika ni upi?"

"Ule niliouweka kwenye friji, mama. Uliingia mwanga."

"Ukiingia mwanga unaharibika?"

"Unafutika wote."

Machibya alikuwa anachambua mwiba ambao haukuwepo. Mama yake alimtazama, akamtazama, kisha akarudi kwa Dorcas.

"Huyo mzee, watu walimwita nani?"

"Tapeli, mama. Soko zima. Hata kwenye simu za watu yupo, Jonathan kaniambia imezunguka kwenye magrupu yote. Eti asubuhi hii hata wa picha za paspoti walikuwa wanampita."

"Yeye akasemaje?"

"Hakusema kitu. Alitoa hela akafuta kamera yake."

Mama Kija akarudisha tonge kwenye sahani. "Na mimi Misungwi sikusema kitu," alisema. "Utasema nini? Ukikataa, wanasema anakataa. Ukinyamaza, wanasema amenyamaza." Macho yake mekundu yalikuwa yamejaa maji. "Machibya, mwambie mwenzako."

"Nimwambie nini, mama? Tule kwanza."

"Basi nitasema mimi. Dorcas, mkanda wako tuliutoa sisi. Mimi nilidhani ni dawa umemwekea mume wako. Nilikudhania wewe yale yale niliyodhaniwa mimi, Mungu anisamehe. Huyu yeye alikuwa anamtafuta mwanaume humo ndani. Aliuvuta wote akauweka juani, akaurudisha, akaniambia ninyamaze. Mimi sikujua kama umeharibika. Leo ndiyo nasikia."

Odeta aliomba maji, hakuna aliyempa. Dorcas alikuwa anamtazama mumewe, si kwa hasira; alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

"Ulipokuwa umesimama pale mezani," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua baada ya Hellen kupiga simu. Kabla ya hapo sikujua, haki ya Mungu."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilitaka kusema, Mama Odeta."

"Ulisema," alisema Dorcas. "Ulisema mengi."

Akanawa mikono. Akamchukua Odeta, akachukua mkeka na shuka, akahamia chumba cha Mama Kija. Machibya alibaki na kichwa cha samaki.

"Nitampigia simu yule mzee," alimwambia mama yake baadaye kidogo. "Nitamtumia na chochote."

"Soko litaisikia hiyo simu?"

"Mama, mimi nafanya kazi barabarani, watu wananijua."

"Na yeye anafanya kazi barabarani, watu wanamjua. Ulimtukana mchana watu wamejaa. Utakwenda mchana watu wamejaa. Na mimi nitakuwepo, maana nilianza mimi."

*

Walikwenda wote. Dorcas alikaa nyuma na mama mkwe, hela ya kamera ameifunga kwenye pindo la kitenge. Hakumsemesha Machibya ila mara moja, walipokuwa wanashuka Kirumba.

"Akikubali kuniuzia tena, nitarudi Busisi kabla ya mwisho wa mwezi. Nitapanda hiace."

Maana yake hatapanda bajaji ya mtu. Machibya alielewa.

Mezani kwa mzee Otuoma hapakuwa na mteja. Wasichana wawili wenye sare za shule walifika, wakamtazama, wakanong'onezana, wakavuka kwenda kwa kijana wa ng'ambo mwenye kibanda cha picha. Mzee aliwaona Machibya na wenzake wakija na hakusimama. Mama Kija akamwamkia kama wazee wanavyoamkiana, akaomba kiti cha wateja, akapewa.

"Shikamoo mzee," Machibya alisema.

"Marahaba."

Machibya alitazama chini. Akaanza kusema kwa sauti ya mtu aliye msibani, kwamba ule mkanda, ule wa juzi, kulikuwa na hali ya kutoelewana pale nyumbani.

Mzee Otuoma akaweka mkono nyuma ya sikio. "Sikusikii, bwana. Juzi nilikusikia vizuri sana."

Mwanamke wa ndoo ya dagaa, yule yule, akasimama. Wengine wakasimama kwa sababu yeye amesimama. Dorcas alikuwa pembeni ya Machibya, hatua moja mbali zaidi ya mke anavyosimama na mumewe, na hakumsaidia.

"Mkanda niliutoa mimi," Machibya akasema kwa nguvu. "Niliutoa kwenye friji nikauweka juani. Nilimshuku mke wangu, nikawa natafuta mwanaume ndani yake. Kamera ya mzee haina kosa. Na juzi niliposimama hapa nilikuwa najua. Nilijua, nikamwita tapeli."

Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka kwa pua. Dorcas akafungua pindo la kitenge, akaziweka hela juu ya kitambaa cha kijani, karibu na kamera ya chuma. Mzee Otuoma hakuzigusa hela, wala hakuigusa kamera. Alikuwa akitazama ng'ambo ya barabara, kwa vijana wa bodaboda na kile kibanda cha picha, ambako wasichana wa shule walikuwa wakijipanga mbele ya kitambaa cheupe.

"Sema tena," alisema. "Wale wa kule hawajasikia."

Machibya akageukia ng'ambo ya barabara, akaanza upya.